Udi Kwenye Sanduku la Wakili

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja hakunionyesha siga hata moja. Alinipa kizibo cha soda, chumvi ya mezani na mfuko wa nailoni, akaniambia nijaze chumvi kwenye kizibo, niidondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, kisha nikiweke mfukoni pamoja na kisaa kidogo cha duara na kufunga mfuko vizuri. Nikadhani ananitania. Nilikuwa nimevaa shati la sikukuu na viatu vya kuazima, nimetoka Magomeni nikiamini naenda kuwa karani.

"Kesho asubuhi kisaa kisome sabini na tano," akasema. "Kikisoma vingine kinaongopa, na wewe utakuwa umejua kinaongopa kwa kiasi gani. Usimwamini asiyepimwa, kijana."

Kisaa kile kilikuwa kipima unyevu. Siga, kwa msiozijua, ni sigara nene iliyoviringishwa kwa majani matupu ya tumbaku, haina karatasi. Ina deko kuliko mtoto wa mwisho. Hewa ikikauka, ganda linapasuka na moshi unachoma koo. Hewa ikilowa, inaota kuvu, na joto likizidi mayai ya fukusi yaliyojificha ndani ya jani yanaanguliwa, siga inatobolewa kama mahindi ya ghalani. Ndiyo maana hukaa kwenye sanduku dogo la mezani, ndani limetandikwa mbao za mwerezi, na unyevu wake haushuki sana chini ya asilimia sitini na tano wala haupandi juu ya sabini.

Duka letu lilikuwa mjini, si mbali na Posta. Maelekezo yaliyokuja na masanduku yaliandikwa na watu wa nchi kavu, kazi yao kuongeza maji tu. Sisi wakati wa masika tulihangaika kuyapunguza. Halafu unapanda ghorofani kwenye ofisi ya mkubwa, kiyoyozi kinavuma tangu asubuhi, unakuta sanduku limekauka mpaka kifuniko kinacheza. Sanduku la namna hiyo huliwekei siga. Unalipangusa mbao zake kwa kitambaa chenye unyevu, unalifunga, unalisubiri siku kadhaa mbao zishibe, maana mbao zenye kiu zitakunywa maji ya siga. Na hutumii maji ya bomba, yana chumvi na yanaotesha kuvu. Mimi nilinunua maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, kwenye maduka ya spea Gerezani, na muuzaji aliamini nina gari.

Kazi niliipenda. Kilichonichoma ni jina lake. Marehemu baba alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu, na mimi mwanawe nilikuwa nalea tumbaku za wakubwa. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayokufanya upite njia ya nyuma. Nikiulizwa kazi nilijibu, "Natunza masanduku." Nikipita Kariakoo na sanduku la mteja kwapani nililifunga ndani ya kanga kuukuu, na nikikutana na mtu wa kwetu pale Msimbazi nilimwahi kwa salamu, nikaulizia watoto wake, nikaondoka.

Kuna wakati Meneja aliniazimisha hotelini, upande wa kuelekea Magogoni. Mkuu wa Vinywaji wa pale alinivalisha kizibao chekundu, akataka nizunguke na sanduku meza kwa meza. "Tabasamu, bwana! Unauza starehe, huuzi jeneza," alikuwa akinifokea. Kila mhudumu mpya akija nilimchunguza kama ni wa Magomeni. Nilimwomba Meneja anirudishe, akanirudisha, akanipa kazi ya kuzungukia masanduku ya maofisini.

Huko ndiko nilikopata sanduku la Wakili. Alikuwa mzee mpole, ofisi yake ghorofa ya pili, na ndani ya sanduku mlikuwa na siga alizoletewa na kaka yake kabla hajafariki. Aliapa hatawasha hata moja mpaka siku atakayofunga ofisi na kupumzika. Basi ofisi ikapakwa rangi, na siga hunyonya harufu upesi kuliko maziwa. Akanikabidhi sanduku mwenyewe. "Hili si la duka," akaniambia. "Ni la kaka yangu." Ilikuwa inaingia Idi, na duka limefungwa. Nikaenda nalo nyumbani, nikaliweka juu ya kabati chumbani kwangu.

Asubuhi ya Idi niliporudi kutoka kuswali nilikuta chetezo cha udi kinafuka kando ya kabati, tenga limefunikwa juu yake, na juu ya tenga nguo zangu. Sanduku lilikuwa chini, kifuniko wazi.

"Mama! Nani kalifungua?"

"Mimi. Nimelifukiza udi. Kitu cha watu hakilali kwangu kikaondoka bila harufu njema."

Kwetu kasha la bibi harusi hufukizwa, nguo hufukizwa, mgeni hufukizwa. Mama alikuwa amelipa sanduku la Wakili heshima ya bibi harusi. Nikakaa kitandani.

"Umeona kilichomo?" nikamuuliza.

"Nimeona tumbaku. Ulitaka nione nini, misahafu?"

Yeye akaendelea kugeuza nguo juu ya tenga.

"Nimejua tangu shati lako la kwanza la kazini," akasema. "Nani hufukiza shati la kazini kila siku? Udi ni wa Ijumaa na sikukuu. Nilikuwa naiua harufu usiingie nayo msikitini ukaumbuka. Wewe umeniona mama yako mjinga, sina pua."

Alisema bila kupandisha sauti. Afadhali angenipiga.

Nililipeleka sanduku kwa Meneja duka lilipofunguliwa tu. Akalinusa, akatikisa kichwa. "La kuvunda halina ubani," akasema, na wala hakucheka. Tulijua sote wawili kwamba mwerezi na jani vikishashika harufu, kuanika ni kujifariji tu. "Tutamwambia ni mafundi rangi. Labda walitia dawa gani sijui."

Nikakataa. Si kwa ushujaa. Nilishindwa kuvumilia kazi ya mikono ya mama kupewa jina la mtu mwingine tena, baada ya yote aliyonifichia. Nilipanda ngazi za Wakili nikamwambia, "Mzee, mama yangu alilifukiza udi. Kwetu ndivyo tunavyoheshimu kitu cha mgeni."

Alitoa siga moja, akaipitisha puani, akairudisha. Akafunga kifuniko taratibu na kuacha mkono wake juu yake.

"Mpe mama salamu zangu," akasema. "Lakini usije tena wewe. Meneja amtume mtu mwingine."

Sikufukuzwa kazi. Ila kila nilipopita chini ya jengo lile niliangalia viatu vyangu, na mpaka leo nikipita huangalia viatu vyangu.

Nilistaafu macho yaliposhindwa kusoma kisaa. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa mna vifuko vya kisasa, unatupia ndani ya sanduku, vinatoa na kunyonya unyevu vyenyewe. Ni vizuri. Lakini fanyeni jaribio la chumvi hata hivyo, na sanduku msiliweke karibu na dirisha, rangi mbichi wala chetezo.

Mama alifariki nikiwa nimeshapumzika. Baada ya hitma wazee wa msikiti walibaki barazani wanakunywa kahawa, na Maalim, imamu wetu, yupo katikati. Niliona siwezi kuendelea kupokea pole zao huku nimewadanganya tangu ujana. Nikapiga magoti mbele yake.

"Maalim, naomba radhi. Ile kazi yangu ya masanduku ilikuwa ya tumbaku."

Akaweka kikombe chini.

"Tunajua, mwanangu. Mama yako alikuja kwangu ungali kijana. Akasema, mwanangu anaona haya, nakuombeni msimuulize kilichomo. Nikawaambia wenzangu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wengine wakiangalia chini ili wasinitazame usoni. Miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ndani ya yale masanduku mna nini, na mimi nilidhani ni kwa ujanja wangu.