Mkono wa Shati Uliochanika Kabla

Mama Pasi na wifi yake hawaivi chungu kimoja, na balaa lenyewe ni kwamba wanafanya kazi chumba kimoja. Mama Pasi ni dobi wa hoteli, mwaka wa tisa huu, anapiga pasi mashuka mpaka nzi akitua anateleza. Wifi yake, dada wa mumewe, anakaa kaunta ya mle mle dobini, anapokea nguo za wageni na kuandika ripoti kwa Kiingereza, maana ana cheti. Na hicho cheti kipo kwenye fremu, sebuleni, mtu akiingia tu kinamsalimia.

Kiingereza cha Mama Pasi ni cha simu, cha masomo ya kusikiliza. Sikio moja lina spika, mkono una pasi, siku zinaenda. Kilichompagawisha ni nyakati za vitenzi. Yaani Kiswahili kinasema alisema anaumwa, yameisha, hakuna aliyekufa. Kiingereza kinagoma: he said he was sick. Sentensi mama ikirudi jana, na mtoto wa mgongoni, kile kisentensi kilichobebwa, anarudi nayo. Sawa. Halafu unataka kusema atakapofika nitamwambia, kumbe will ni ya mama peke yake, mtoto haruhusiwi: when he comes. Halafu sasa kile kitendo kilichomtangulia mama, hicho kinavalishwa had. Mtoto kamzidi mama umri! Siku aliyoelewa hilo Mama Pasi alicheka peke yake mpaka akaunguza foronya.

Wifi akimsikia anasonya. Anasema hicho ni Kiingereza cha bando, bando likikata na chenyewe kimekata.

Basi Jumanne mgeni mmoja akalalamika shati lake limerudi na mkono umechanika. Kwenye faili la Mama Pasi tayari kulikuwa na malalamiko mawili, na pale hotelini la tatu ni kufungasha virago, hakuna kubembelezana. Wifi akamletea shati lenyewe na ripoti asaini. Akaisoma: the sleeve was torn when it was washed.

"Wifi, hapa umeandika nimelichana mimi kwenye maji."

"Nimeandika lilikuwa limechanika. Saini."

"Basi weka had been, na uweke before. Mchaniko ulitangulia maji."

"Wewe piga pasi. Mimi nina cheti, wewe una chaji."

Mama Pasi akaweka kalamu chini, akasema hasaini. Wifi akasema vizuri, asiyesaini anaandikwa mkaidi. Walivyokuwa wanatazamana hivyo, ungedhani wamegombea mume, kumbe ni mkono wa shati.

Meneja akaingia. Wakamsomea sentensi zote mbili, akasema kwake yeye ni zile zile, anachotaka ni jina la aliyechana.

Mama Pasi hakubishana tena na Kiingereza. Akaligeuza shati ndani nje. Pale dobini, nguo iliyokuja na ugonjwa wake haitumbukizwi majini mpaka aliyeipokea aishonee uzi mmoja pembeni ya tundu, na kila mtu ana rangi yake. Uzi ulikuwepo, umefungwa fundo, umefuliwa pamoja na shati na kupigwa pasi juu. Wa zambarau. Kwenye chumba kile zambarau ni ya wifi tu.

Meneja akamuuliza wifi kama huo uzi ni wake. Wifi akaangalia feni. Akasema nguo ni nyingi, mtu huwezi kukumbuka kila tundu. Meneja akauliza kama alimwonyesha mgeni wakati anapokea. Wifi akaiambia feni kwamba alisahau. Akaambiwa aandike upya sasa hivi, na lile lalamiko lililokuwa liwe la tatu kwa Mama Pasi litaingia faili lake yeye.

Wifi akachapa kwa kupiga vibonye kama anaua siafu. Mama Pasi kasimama nyuma yake, anasoma neno kwa neno: had been torn before it was washed.

"Umeridhika?"

"Weka nukta."

Akaweka. Mama Pasi akasaini, akarudi kwenye pasi yake, ajira anayo. Nyuma yake wifi anafunga droo kwa kishindo, anasema leo jioni kaka yake atajua ni mwanamke wa aina gani aliyemuoa, anayedhalilisha ndugu wa mume kazini.

"Mwambie," Mama Pasi akajibu, macho kwenye kola. "Ila mpangie vizuri. Anza na kilichoanza."