Nani Alikaza Mnyororo?

Fundi wa misumeno ya mnyororo pale Mwanga hagusi chombo cha mtu kabla ya kuuliza, "Nani alikaza?" Huuliza kwa sauti ya hakimu, na wapasua mbao wa Kalinzi wanaosubiri kwenye benchi hunyamaza wasikie jibu. Kisha huuvuta mnyororo kwa vidole viwili, kama anayevuta sikio la mtoto mtukutu, na kuuachia. Kwake mnyororo haulegei wala haubani bila mtu.

Wetu nilimpelekea ukiwa umebana, hauzunguki. "Huu ulikazwa ungali moto," akasema. "Ulipopoa ukajibana. Nani alikaza, Mama Wilfred?" Alikaza Wilfred, mwanangu, ambaye mtaa wetu wote wa Buzebazeba unamwita mhandisi kwa kuwa ndivyo nilivyowaambia. Benchi zima likanitazama. "Marehemu baba yake," nikajibu. Fundi akaweka spana chini, akajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Mzee yule alikuwa anaketi hapo kusubiri mnyororo upoe, hata saa nzima. Hakukaza wa moto hata siku moja." Mpasua mbao mmoja akadakia, "Na tulimzika mwaka jana, mama. Ametoka saa ngapi?" Wakacheka. Fundi hakucheka, alikuwa anasubiri jibu, na spana ilikuwa bado chini.

"Ni mhandisi wetu," nikasema polepole.

"Ahaa!" Akaiokota spana. "Hao ndio wateja wangu wakubwa."