Mfuniko Ulipoanguka

Mfuniko wa sufuria ulizunguka juu ya sakafu ya saruji, ukaimba, ukafifia, ukanyamaza. Redioni ikaanza taarifa ya habari ya saa kumi na mbili asubuhi.

Marcelina, mshona nyavu wa Bukima, alikuwa sakafuni kando ya jiko. Mkono wa kulia haukumtii, mdomo umevutwa upande. Mumewe Stanslaus alikuja mbio. Alimlaza mkekani, akampangusa mate kwa upole. Kisha akafunga mlango.

Kwao, ugonjwa unaopinda uso hautolewi nje mpaka kaka mkubwa wa mume auone. Kaka huyo, Mseti, alikuwa Mugeta, mnadani na ng'ombe wake.

"Njoo kwanza, kaka," Stanslaus alisema kwenye simu. "Mimi mzee wa kanisa. Nikimtoa hivi, watasema nini?"

Saa moja jirani yao Hezron akapiga honi ya bajaji. "Mbona shemeji hajanitukana leo? Kapata mume mwingine?"

"Amelala. Huwaga anachoka."

"Kama anaumwa nimpeleke Musoma, naenda tupu."

"Nimesema amelala!"

Marcelina alijaribu kuita. Ilitoka pumzi tu, na bajaji ikaondoka.

Mseti alifika saa tisa alasiri. Hospitali walifika jua likizama.

Miezi minne baadaye, kliniki ya Musoma, Daktari Jenipher aliwachorea mshipa kwenye karatasi.

"Damu iliganda hapa, ikaziba. Mgonjwa akiwahi hospitali kubwa zenye mitambo, na akifaa, donge hutolewa. Wanapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi kichwani. Njia moja, kijiwavu cha waya hufunguka ndani ya donge, kinalinasa, wanakivuta. Nyingine, mrija wenyewe hulifyonza, kama unavyofyonza uboho kwenye mfupa."

Marcelina aligusa mchoro wa kijiwavu kwa kidole cha kushoto, akagusa wa mrija, akainua nyusi. Fundi ni fundi.

"Ipi bora?" Daktari akatabasamu. "Wamezilinganisha, mama. Matokeo hayapishani sana. Wengine huanza kufyonza, ikishindikana ndipo waingize wavu. Wengine hutumia zote pamoja. Kinachopishanisha wagonjwa zaidi ni muda. Kila dakika, sehemu ya ubongo inakufa."

"Angewahi, angepona?" Stanslaus aliuliza, akizungusha kofia mikononi.

"Siwezi kuahidi, baba. Pengine hata ndege ya kumfikisha huko isingepatikana. Lakini tungejaribu, hata kwa dawa ya kuyeyusha donge. Faili linasema alikutwa hivyo mchana, muda wa kuanza haujulikani. Kweli hamkujua?"

Marcelina alimgeukia mumewe. Huyu ndiye aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko, aliyemvalisha viatu, aliyemwombea kanisani mbele ya watu hadi wakalia. Kwa miezi minne Marcelina alikuwa amemngoja aseme neno moja tu. Sasa limeulizwa, na mlango uko wazi.

"Hatukujua, daktari," Stanslaus alisema. "Nilikuwa shambani tangu alfajiri."

Daktari akachukua kalamu ili aandike.

Marcelina akaweka mkono wake mzima juu ya faili. Aliyatafuta maneno polepole, moja moja, kama anayetafuta ncha ya uzi kwenye wavu uliochanika. Hakumtazama daktari.

"Baba Gloria," alisema, kwa sauti ndogo iliyowafanya wote wawili wainame. "Redio ilikuwa inasoma habari. Ukafunga mlango."