Barua Aliyobaki Nayo Meneja

Watu huingia kwenye kibanda changu cha steshenari na haraka zao: "Dada, nichapie barua ya kuomba kazi, lakini fupi, siku hizi hakuna anayesoma." Mimi huwauliza, kama hakuna anayesoma, mbona bado wanaziomba? Nina miaka kumi na moja katika kazi hii. Wote wanataka "mimi ni mchapakazi ninayejituma". Ukizichanganya hizo barua, huijui ya nesi wala ya dereva. Meneja naye ni binadamu, anachoka.

Kaka yangu alikuwa amepeleka za namna hiyo kumi na tatu. Yeye ni fundi wa boila, yale mapipa makubwa ya kuchemshia maji yanayotoa mvuke viwandani. Boila aliyokuwa akiiendesha ilipasuka, mwenzake wa zamu akaungua mikono yote miwili, na kiwanda kikafungwa. Tangu hapo hakuna aliyemjibu. Akaja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia jambo ambalo hata wifi yangu, mkewe, alikuwa halijui.

"Valvu ya usalama, ile ya kutoa mvuke ukizidi, ilifungwa waya ili usitoke ovyo. Niliiona. Msimamizi akasema tuendelee tu. Nikaendelea."

Jamani! Lakini mimi na mdomo wangu! Nikamwambia, "Mficha uchi hazai, kaka. Weka hilo kwenye barua. Sema ulikosea, sema umejifunza nini. Wenzako wote wataandika kwamba ni wachapakazi."

"Wataniona muuaji, mdogo wangu."

"Watakuona mtu."

Nikachapa. Akatia sahihi, nikaipeleka mwenyewe kwenye kiwanda kimoja cha nguo kilichotangaza nafasi. Siku mbili hazikupita, simu ikalia, kaka anaitwa kwenye usaili. Nilicheka kwa majivuno, nikamwambia wifi kwamba mumewe alikuwa akihangaika bure na dawa iko nyumbani.

Siku ya usaili kaka alirudi saa nane mchana. Hakwenda kwake, alikuja kibandani. Alifunga mlango nyuma yake, nami nikajua mambo yameharibika, maana mlango ule haufungwi mchana.

"Nimepata kazi," alisema.

"Sasa mbona uso huo?"

Alikunywa maji yangu yote ndipo akasema. Kwenye chumba cha usaili alimkuta meneja peke yake, barua ikiwa mezani. Sentensi moja ilikuwa imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Si ile ya kujifunza. Ni ile iliyosema, "Msimamizi aliniambia niendelee, nami nikaendelea." Meneja alimsifu. Alisema wengine wote wameandika porojo, hii ndiyo barua pekee iliyomwonyesha anaajiri mtu wa namna gani. Kisha akampeleka kuiona boila.

"Valvu imefungwa waya," kaka alisema. "Waya mpya, unang'aa."

"Mungu wangu! Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hii itaua watu. Akacheka. Akasema, wewe si mgeni wa mambo haya, na barua yako yenye sahihi inabaki kwenye droo yangu. Siku ukienda kusema, nami nitasema."

Barua ile niliichapa mimi kwa vidole hivi, nikaisifia kama mpishi anayesifia chungu chake. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikabaki kuuliza ujinga: chumba cha boila kiko wapi?

"Nyuma ya ukuta wa washonaji. Washonaji arobaini. Zamu yangu ya kwanza ni kesho asubuhi."

Nikamshauri vibaya, nakiri. Nilimwambia asiende kazini, na asiseme kitu. Atafute kazi kwingine, anyamaze, boila si yake. Nilikuwa naogopa, naona askari mlangoni kwa wifi, naona watoto wakiulizwa baba yenu yuko wapi. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndivyo nilivyojiambia mara ile," alisema. "Washa kompyuta."

"Kaka, ukiandika hii, ile nyingine itatoka!"

"Itoke. Kuna neno la uongo mle?"

Nikawasha. Nikakosea tarehe mara tatu. Barua ilikwenda kwa ofisi ya ukaguzi wa viwanda, mistari sita tu: kiwanda gani, boila ipi, valvu imefungwaje, nani ameiona. Hakuna mchapakazi, hakuna anayejituma.

Tukaiwahi ofisi kabla haijafungwa. Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Akanyanyua simu na kuagiza gari la kwenda kiwandani. Halafu akamgeukia kaka.

"Umejuaje kwamba waya wa namna hii unaua?"

Nilimkanyaga kaka mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa nguvu zangu zote. Alinitazama mara moja tu.

"Kwa sababu niliwahi kuendelea," alisema, "na mwenzangu akaungua."

Mama yule alivua miwani. Alivuta karatasi nyeupe, akaiweka mbele ya kaka pamoja na kalamu, akamwambia aandike yote kwa mkono wake, na asiondoke. Kisha akatoka kwenda kwenye gari, akatufungia mlango kwa ufunguo.