Siku Niliyovaa Buibui la Shangazi

Kabati la Shangazi Zuwena lilinukia udi na karafuu, na harufu yake ilikupokea kabla hujafika mlangoni mwa chumba chake. Ndani, nyuma ya abaya zake za kila siku, lilitundikwa buibui la zamani alilokuja nalo kutoka Unguja, lile la kufunga kwa kamba kichwani, ambalo huku Omani hakuna aliyelivaa. Tulikuwa tukikaa Al Hail, pembeni mwa Maskati, baba, mama, mimi na yeye. Alikuwa dada mkubwa wa baba, hana mume wala haja ya mume, na kila aliyeingia nyumbani kwetu alikaguliwa. Alikuwa na neno moja tu: "Mikono." Akilitamka, watoto wote, mimi na wa jirani, tulificha mikono nyuma, hata sisi tuliokwisha kunawa. Siku moja nilimwona baba, mtu mzima mwenye ofisi yake wizarani, akiificha yake.

Mwaka ule nilihamishiwa shule ya binafsi, ambako kila mtoto alikuwa na mwenziwe isipokuwa mimi. Wakati wa mapumziko nilikula sambusa zangu karibu na mabomba ya maji, nikijifanya napenda kukaa peke yangu. Sikupenda hata kidogo. Ndipo Klara, msichana wa Kizungu aliyekuwa akikaa mtaa wa pili kutoka kwetu, alipoalika darasa zima nyumbani kwao alasiri ya Halowini, kwa sharti kwamba kila mmoja aje amevaa kitu cha kutisha. Nilijua kwamba nikiwapendeza nitapata rafiki, na nikichekwa nitaumaliza mwaka pale pale penye mabomba. Baba aliona jambo lenyewe halina neno, ni kama karankasho yetu tu, ule usiku wa katikati ya Ramadhani watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Shangazi hakukubali.

"Karankasho watoto wanavaa nguo nzuri," alisema. "Shetani haigizwi. Ukimwita anaitika, na mie nnalala chumba cha pili."

Basi pepo akafutwa, mifupa ikafutwa, na nilipomtaja mchawi mwenye kofia ndefu akasema kwao Unguja wachawi hawavai kofia, wanakwenda sokoni kama watu wengine. Leo nacheka nikikumbuka, lakini siku ile nililia mpaka macho yakavimba. Nilikwenda kukaa kitandani kwake, nimenuna makusudi ili anione, nikilitazama kabati lake lililokuwa wazi. Akaingia, akanitazama kwa juu ya miwani, akasema, "Mikono." Mikono yangu ikaenda nyuma kabla sijafikiri. Hapo hapo nikajua nitavaa nini.

Nilimwomba buibui bila kumwambia la nini. Alidhani nimeona haya kwenda kwa watu kichwa wazi, akafurahi kupita kiasi. Kwa Shangazi mwaliko wowote ulikuwa shughuli, na shughuli ina taratibu zake. Alilipiga pasi lile buibui, akalipunguza urefu kwa sindano, akalitandaza juu ya chetezo na kulifukiza udi mpaka nikapiga chafya. Kisha akanikabidhi bakuli la halua nimpelekee mama yake Klara. Wenzangu walikuwa wakijipaka damu ya rangi mdomoni, na mimi nilikuwa nikinukia kama bi arusi.

Alinipeleka mwenyewe kwa gari. Alipoegesha mbele ya lango la kina Klara, nilijifunga buibui, nikavaa miwani yake ya akiba niliyoichukua mezani, nikatundika mkoba wake wa zamani mkononi. Alinigeukia.

"Unamwigiza nani?"

Nilijua anaweza kugeuza gari sasa hivi turudi nyumbani, na shule ikifunguliwa nirudi kwenye mabomba yangu. Alishuka, akanifungulia mlango, nikashuka na kupiga hatua mbili tatu, naye akanizunguka polepole kama anayekagua kitambaa dukani.

"Mie sitembei kama bata," alisema. "Nyanyua kidevu. Mkoba uweke kwenye kiwiko. Na usiwe na haraka, mwanangu, wao ndio watangoja."

Akanitembeza pale nje ya lango, kwenda na kurudi, mpaka akaridhika. Jirani mmoja alisimama kututazama, Shangazi akamwamkia kama hakuna kisichokuwa cha kawaida.

Ua wa kina Klara ulikuwa umejaa mifupa ya kuchora na popo wa karatasi. Kijana mmoja wa darasani mwetu, amevaa kinyago cha meno marefu, alinijia akinguruma. Nilinyanyua kidevu, nikamtazama kwa juu ya miwani, nikasema kwa Kiswahili, maana kwa lugha nyingine neno lile halina nguvu: "Mikono." Hakujua Kiswahili hata chembe, lakini aliificha. Klara naye akaificha yake, kisha akaangua kicheko na kuniomba nimfundishe neno hilo. Wiki nzima iliyofuata alikuwa akiwakagua watu wakati wa mapumziko, na mimi kando yake nikimsahihisha kidevu. Nilijivuna sana, na mpaka leo najivuna.

Siku hizi watoto wa Maskati huchagua mavazi ya Halowini kwenye simu, na pikipiki huyaleta mpaka mlangoni. Sisemi uongo, ni mazuri kuliko ya zamani zetu, ila sijaona hata moja lililomtisha mtu. Shangazi ametangulia mbele ya haki, na nyumba imepoa bila yeye. Hakuna anayetukagua, na sikudhani ningelitamani jambo hilo. Mwaka huu binti yangu aliyakataa ya kwenye simu, akalitaka lile buibui, ambalo sasa limo kabatini mwangu. Alipokwisha kulivaa akaniambia, "Mama, nionyeshe alivyokuwa akitembea." Nikachukua mkoba, nikauweka kwenye kiwiko, nikanyanyua kidevu, nikaenda bila haraka mpaka mwisho wa ukumbi. Nilipogeuka kumtazama, sijasema neno, mwanangu alikuwa ameshaificha mikono nyuma.