Muyassar Achagua Majirani

Muyassar hakuwa akitafuta nyumba. Alikuwa akitafuta majirani, na nyumba ingefuata tu. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu mimi, Robiya, ni mmoja wa majirani aliowapima, na nilipojua nilinuna siku tatu.

Yeye ni mshonaji wa magodoro ya kukalia, hapa hapa mjini kwetu Margilan, mwanamke wa kicheko kikubwa na macho yasiyotulia. Mtaa wao wa zamani ulipobomolewa kupisha barabara, mwanawe Sherali akapata fleti ghorofa ya tisa, yenye lifti na jiko jipya. Muyassar akaenda kuikagua akiwa na mabakuli manne ya sambusa za maboga. Sherali akadhani mama kaleta chakula cha mchana. Kumbe mama akagonga milango minne na kugawa.

Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu. Kama huna kitu utatia hata vitunguu viwili, au konzi ya zabibu kavu. Basi la kwanza likarudi limeoshwa vizuri, na ndani hamna kitu. Wa mlango wa pili aliuliza bei. La tatu halijarudi mpaka leo. Mlango wa nne mtu alichungulia kitunduni, akazima taa.

"Mama, watu wana shughuli zao," alisema Sherali.

"Na mimi nikifia humu watanijua kwa harufu?"

"Sasa mama, harufu tena!"

"Mkeo ana mimba ya miezi saba. Huyo mtoto atajifunzia wapi kuingia kwa watu? Kwenye lifti?"

Wakaelewana hivi: mama asipopata nyumba ya ua kufikia Jumapili, Sherali anatia saini ya fleti na maneno yanakwisha.

Siku ya pili yake wakaja mtaani kwetu. Mzee Eshmat alikuwa anahamia kwa binti yake, na alishaapa kwamba hamuuzii nyumba yake mtu ambaye mtaa haumtaki. Akawapa ufunguo wakae siku tano, tuwatazame. Muyassar akaupokea kana kwamba sisi ndio tunaoomba nyumba. Kabla hajafungua mizigo, mabakuli saba yalikuwa yameshaingia nyumba saba.

Mimi lake nililirudisha na jamu ya aprikoti. Bibi Hojar, ambaye mtaani hapa hakuna anayethubutu kumkatiza, alirudisha kifaranga hai. Nasikia Muyassar alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia mumewe, "Kobiljon, ni hapa. Nizikeni hapa." Alikuwa ameupenda mtaa kabisa, maskini, na kusahau kwamba bado haujampenda yeye.

Zamu yetu ya kumpima yeye ikafika. Nilimpelekea pilau katika bakuli langu la buluu, na niseme ukweli, nilitia nyama nyingi kuliko ninayomtilia mume wangu.

Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa Kobiljon, dereva mstaafu wa basi, kashika bakuli langu kwa mikono miwili.

"Shemeji, asante sana. Nimeliosha mwenyewe."

Nikatazama ndani ya bakuli. Nikamtazama yeye mikononi, labda kuna mfuko. Hamna. Nikalipokea, nikafunga mlango, damu ikinichemka. Pilau yangu yote ile! Sikumwambia mtu yeyote isipokuwa Bibi Hojar, na huyo anatosha.

Adhuhuri wanawake wote walikuwa uani kwangu. Muyassar, aliyekuwa ametoka sokoni na Sherali, akaingia, habari ameshazisikia njiani. Mwanawe alisimama mlangoni, kalamu ya fleti kama ameshaishika.

"Nani katuma bakuli tupu?" akauliza Bibi Hojar.

Angeweza kutudanganya. Angesema mkate ulikuwa bado tanurini, na sisi tungejifanya tumeamini.

"Limetoka kwangu," alisema Muyassar. "Ghorofa ile niliikataa kwa kosa hili hili, na nikawasema wale watu vibaya kwelikweli. Sina la kujitetea. Ila roho inaniuma, maana nilitaka mjukuu wangu akulie hapa."

Kobiljon akajitokeza nyuma yake, hana habari.

"Mnamwonea bure. Nililiosha mimi. Kwa majivu, halafu kwa sabuni, ndani na nje. Lilikuwa bado chafu?"

Maskini baba wa watu, miaka sitini na tano, hakujua. Na angejulia wapi? Mabakuli ni siasa yetu wanawake, na wanaume wanachojua ni kula tu.

"Nani alikutuma?" Bibi Hojar aliinuka kidogo.

"Hakuna, bibi. Mama yao hayupo, mkamwana wangu miguu imemvimba. Nikaona nisikae bure."

Bibi Hojar akanigeukia. "Robiya, mumeo kashawahi kuosha nini?"

"Uso. Siku za sikukuu."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Bibi Hojar peke yake hakucheka. "Eshmat aambiwe auze leo leo," alisema. "Huyu mzee akienda ghorofani nani atamwona? Nataka wanaume wa hapa wakutane naye kila siku ya Mungu."

Muyassar akalia waziwazi, wala hakujifuta. Sherali akaenda kupiga simu kuiacha fleti.

Sasa ni mwezi wa pili tangu wahamie, na mume wangu hataki hata salamu na Kobiljon. Anasema huyo mtu kauharibu mtaa. Juzi niliporudi mapema nilimkuta jikoni, mikono imejaa povu hadi viwikoni. Nikamuuliza anafanya nini, akasema anatafuta kiberiti.