Ua la Ng'ambo

Bibi yangu aligandisha kurasa mbili za daftari la babu kwa uji mzito wa muhogo, na pale nyumbani kwetu Ujiji hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu. Bibi alikuwa na ulimi. Mimi pia ninao, wanasema nimerithi, lakini kwa jambo hilo niliufyata.

Daftari lenyewe lilikuwa la maua. Enzi za uhai wake babu alifanya biashara ya kuvuka ziwa, akipeleka chumvi na nguo ng'ambo na kurudi na mafuta ya mawese, na kila ua lililompendeza alilichora kwa wino mweusi. Chini yake aliandika, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, maana ya ua hilo kwa watu. Asumini: nyumba yenye amani. Waridi jekundu: mwenye kulitoa ameshindwa kunyamaza. Ua la mkomamanga: watoto wengi. Maana hizo alizitoa wapi, sikujua wala sikujali. Nilikuwa nakaribia kuolewa, nadarizi mashuka na foronya za kupeleka kwangu, na michoro yake niliinakili kwa karatasi ya kaboni. Asumini niliidarizi mpaka vidole vikaota sugu. Mkomamanga niliuruka, nilitaka kwanza kupumua.

Ilikuwa miaka ile watu wa ng'ambo walipovuka ziwa kukimbia vita. Wengi walipelekwa makambini, ila mama mmoja wa makamo, mshonaji, bibi alimpa chumba cha uani. Alidarizi vizuri kuliko mimi. Hilo liliniudhi kama wiki moja hivi, kisha nikampenda, na kila asubuhi tukawa tunakaa pamoja na sindano zetu.

Siku moja bibi alikwenda Kibirizi kununua dagaa. Mgeni wetu akalifunua daftari, akapapasa zile kurasa zilizogandana.

"Humu katikati kuko nini?"

Nikamwambia hata mimi sijui. Akalitazama birika lililokuwa likichemka jikoni, nami nikalitazama. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Mvuke uliulainisha ule uji wa miaka mingi, kurasa zikaachana taratibu.

Ndani mlikuwa na ua moja lenye petali tano ndefu. Pembeni yake babu alichora kofia ya kiume, na ua lilelile limechomekwa ukingoni. Nikasoma kwa sauti maneno ya chini: "La ng'ambo. Nikishuka mtumbwini, kabla ya yote, hili."

"Nani kawatuma?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake la dagaa. Leo mgeni wetu atafungishwa virago, nikawaza, na mimi nitaolewa bila radhi za bibi yangu.

Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Aliketi mkekani, akatua kapu.

"Basi mmemwona hawara yake," alisema. "Kila akirudi safari nikifua kofia yake, nakuta ua limenyaukia humo. Kuna mwanamke alikuwa akimvika huko. Nilipoona na kwenye daftari kalichora, nikaligandisha nisilione tena."

"Na babu hukumuuliza?"

"Ningemuuliza, angenijibu."

Babu alikuwa amefariki miaka kumi na miwili nyuma. Nikamgeukia mgeni wetu. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Mama, unisamehe," alisema. "Hii ua naijua. Kwetu iko mingi kando ya ziwa. Mwanaume mugeni akifika, wamama wenye mabinti wanamuzunguka. Sasa ule mwenye kupenda mke wake anachuma hii ua, anaweka ku kofia mbele hata ya kunywa maji. Wanaiona, wanamuacha. Wanaume wengine walikuwa wanaipita tu, kama vile hawaioni."

Bibi aliuvuta ukurasa karibu, akaanza kubandua kwa ukucha mabaki ya uji yaliyogandia kwenye mchoro wa kofia.

"Mjinga yule," alisema mwishowe. "Si angesema?"

Kisha akalia, akacheka katikati ya kilio, na sisi tukacheka naye. Nilikuwa na furaha siku ile kuliko siku ya harusi yenyewe, na mume wangu analijua hilo. Dagaa tulikumbuka kuwaanika jua likiwa limeshapita utosini.

Nilimwomba bibi anikubalie kulidarizi ua lile kwenye foronya zangu. Akakataa katakata.

"Zako baadaye. Anza na za kwangu."

"Nidarizi ngapi, bibi?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza upuuzi.

"Mbili," alisema.

Niliyamaliza maua yale kabla ya harusi yangu. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo, bibi alizifua foronya zile mbili pamoja kila Alhamisi, ingawa moja haikuwa imelaliwa na mtu.